Unga wa vitu kumi na vinne, na mtoto haongezeki

Wiki hii huyu ni wa tatu. Mama amekuja kliniki na mtoto wa miezi tisa, mstari wa uzito kwenye kadi umelala tangu mwezi wa sita, na mkobani ana kopo la unga wa lishe alilolibeba makusudi nilione. Anataja kwa vidole: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, shayiri, soya, karanga, korosho, lozi, mbegu za maboga, ufuta, dagaa. "Kila kitu kimo humu, dokta, mbona haongezeki?" (Mimi ni afisa lishe, si daktari, ila kusahihisha nimeshaacha.)

Nikafungua kopo, nikanusa. Harufu ya mafuta yaliyokaa.

Dhana: unga ukiwa na vitu vingi ndio una lishe zaidi

Hii ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu anayeiamini ni mama anayejitahidi kweli, na pesa ametoa.

Hebu tuhesabu. Saba za kwanza kwenye kopo lile zote ni nafaka. Kuchanganya nafaka saba ni kama kuvaa mashati saba ukatoka bila suruali. Protini ya nafaka ina upungufu wa laisini (kijenzi kimoja cha protini), na laisini imejaa kwenye kunde. Kunde nazo zimepungukiwa methionini, kijenzi kingine, ambacho nafaka inacho. Kwa hiyo nafaka moja na jamii ya kunde moja, basi, wameshakamilishana. Ukiniuliza nafaka ipi, nitasema ulezi hadi unichoke: kalsiamu yake huwezi kuilinganisha na ya mahindi.

Tabu inaanzia mashineni. Kila kimoja kati ya vile kina matayarisho yake. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, lazima ichemshwe vizuri kabla ya kuanikwa na kusagwa. Dagaa wanataka kutolewa mchanga. Karanga, korosho, ufuta na mbegu za maboga zina mafuta mengi. Zikishasagwa, mafuta yale yanakutana na hewa na kuanza kuharibika, na unga wenyewe mama kasaga wa miezi mitatu. Mbegu nzima inajilinda kwa ganda lake. Unga haujilindi.

Halafu karanga. Wengi wananunua zile za bei ya chini, "za kusaga", yaani zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, ambazo ndizo zenye hatari kubwa ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Kukaanga hakuiondoi yote, kupika hakuiondoi, na zikishasagwa huwezi tena kuchambua. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zaidi ya watu 60 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi, 20 hivi wakafariki. Yule mama aliposikia hivyo akasema basi unga atawapa kuku. Nikamwambia hapana: sumu hii iligundulika baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza mwaka 1960, na kilichowaua ni mashudu ya karanga.

Kubwa kuliko yote, nilipomuuliza anapikaje, akajibu: vijiko viwili vya unga kwa kikombe kizima cha maji, "maana unga wenyewe una nguvu". Hapo ndipo mtoto anapokwama. Vijiko viwili ni kama gramu 20, nishati yake kalori 70 na ushee. Mtoto wa miezi tisa anayenyonya vizuri anahitaji kalori 300 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza. Ni vikombe vinne vya uji mwepesi, na tumbo lake hubeba kama kimoja kwa mlo. Ameshiba maji.

Pika uji mzito. Chota, inamisha kijiko: ukiteremka kama chai, rudisha jikoni ongeza unga. Ukiiva, tia kijiko cha karanga ulizochambua mwenyewe, ukakaanga na kutwanga wiki hiyo hiyo. Ukiona ni mzito mno kwa mtoto, kuna kimea: loweka ulezi usiku kucha, uchuje, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu hadi uchipue, anika, saga. Kijiko kimoja ndani ya uji mzito kinaulainisha bila kuongeza maji. Uchemshe tena kabla ya kumpa. (Usifanye hivi kwa mtama: machipukizi yake yana sumu ya sayanidi.) Dagaa, yai na mchicha viende kwenye mlo mwingine, vikiwa chakula kinachoonekana.

Nyingine, kwa haraka

Mbegu za maboga na nguvu za kiume: gramu 30, yaani konzi moja, zina zinki (madini yanayosifiwa kwa jambo hilo) miligramu mbili na kitu, na mwanaume anahitaji 11 kwa siku. Ni kitafunwa kizuri sana, mimi mwenyewe ninazo mezani. Tatizo lile lina sababu nyingi, kisukari na presha zikiwemo. Kapime.

Mbegu tatu za mlonge badala ya dawa za presha: hapana. Mzee mmoja alinijia na 190 kwa 110, mbegu amezimaliza, vidonge viko mfukoni havijaguswa. Majani ya mlonge ni mboga nzuri, pika ule na ugali, na vidonge umeze.

Asali si sukari: ni sukari. Mwenye kisukari aihesabu hivyo hivyo. Na mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe kabisa, vijidudu vya botulizimu vinaweza kumlegeza mwili hadi ashindwe kupumua.

Mbegu za chia kwa ajili ya omega-3 (aina ya mafuta): ipo, ila ni aina ambayo mwili hubadilisha kidogo tu kuwa ile inayotumika kwenye ubongo. Dagaa wanayo tayari. Nikisema hivi kuna wanaonuna, kwa sababu chia inakuja kwenye pakiti nzuri na dagaa wanapimwa kwa kopo sokoni, na inzi juu.