The Wizard of Oz haikuwa filamu ya kwanza ya rangi

Wengi huamini kuwa The Wizard of Oz, ya mwaka 1939, ndiyo filamu ya kwanza ya rangi duniani. Si kweli. Becky Sharp ilikuwa imeshatoka 1935, yote ikiwa imepigwa kwa Technicolor ya rangi tatu, mfumo wa kupiga filamu za rangi, na The Adventures of Robin Hood ikaja 1938.

Kosa lenyewe linaeleweka. Hadithi inaanzia Kansas, Marekani, ambako kila kitu kina rangi ya udongo mkavu. Kisha Dorothy, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, anafungua mlango, na nje kuna nchi inayowaka rangi. Ukiitazama hapo, unaweza kuapa kwamba rangi imezaliwa mbele ya macho yako.

Kumbe ule mlango ni ujanja wa mafundi. Kipande kile kilipigwa kwa kamera ya rangi: chumba kilipakwa hudhurungi, na anayefungua mlango ni mbadala wa Judy Garland, mwigizaji wa Dorothy, naye kavalishwa gauni la hudhurungi. Anajitoa pembeni, kisha Garland mwenyewe anatokea na gauni lake la buluu. Kwangu mimi, hapo pana ustadi kuliko hata kwenye kile kimbunga kinachomtoa Dorothy Kansas.

Viatu vya Dorothy navyo vilibadilishwa kwa ajili ya rangi. Katika kitabu cha L. Frank Baum cha 1900, ambacho filamu ilitokana nacho, Dorothy anavaa viatu vya fedha. Kwenye filamu vikawa vya yakuti nyekundu, maana vilionekana vizuri zaidi juu ya barabara ya matofali ya manjano anayopita.