Je, wajua kwa nini kinu cha kwanza cha nyuklia Afrika kilikuwa cha chuo kikuu cha Kikatoliki?

Misri iliwasha kinu chake cha kwanza cha nyuklia mwaka 1961, Afrika Kusini mwaka 1965. Kongo, wakati huo koloni la Ubelgiji, ilizitangulia zote mbili. Tarehe 6 Juni 1959, juu ya kilima cha Mont Amba nje ya Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, kiliwashwa kinu kidogo kilichopewa jina la TRICO. Hakikuwa cha jeshi wala cha shirika la umeme. Kilikuwa cha Lovanium, chuo kikuu cha Kanisa Katoliki ambacho kilikuwa hakijatimiza hata miaka mitano.

Kwa kifupi, kililetwa na urani, yaani madini ya nyuklia, ya jimbo la Katanga, kusini mwa Kongo, pamoja na padri mmoja aliyesomea fizikia. Lakini ili kuelewa padri huyo alifikaje pale, inabidi turudi Kisantu.

Kisantu, katika Kongo ya Chini, palikuwa na misheni kubwa ya Wajesuiti. Mwaka 1926 walimu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, Ubelgiji, walianzisha hapo taasisi ya tiba iitwayo FOMULAC, na mwaka 1932 ikafuata ya kilimo, CADULAC. Mkongomani aliyesoma huko alitoka akiwa muuguzi au msaidizi wa daktari. Udaktari wenyewe haukuwa wake. Ndivyo ulivyokuwa mpango wa Wabelgiji: shule za msingi zilizoendeshwa na wamisionari zilienea kote, sekondari zilikuwa chache, na baada ya hapo njia karibu pekee ya kwenda mbele ilikuwa seminari ya kusomea upadri. Thomas Kanza, anayehesabiwa kuwa Mkongomani wa kwanza asiye padri kupata shahada ya chuo kikuu, alihitimu mwaka 1956, tena huko huko Leuven.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mpango huo ulianza kutetereka, na watu wa Leuven wakaamua kujenga chuo kikuu kamili. Walikiita Lovanium, yaani Leuven kwa Kilatini. Masomo yalianza Oktoba 1954 kwenye uwanda wa Kimwenza, wanafunzi wakiwa thelathini na ushei tu. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padri wa Kibelgiji na mtaalamu wa fizikia ya nyuklia, aliyekiongoza hadi mwaka 1967. Fedha nyingi zilitoka serikali ya kikoloni, na baadaye mifuko ya Ford na Rockefeller ya Marekani nayo ikachangia.

Uamuzi mkubwa wa mwanzo ulihusu kiwango. Shahada ya Lovanium ilipaswa kuwa na uzito sawa na ya Leuven. Kwa kuwa wanafunzi wengi walitoka shule ambazo hazikuwaandaa kwa hilo, waliwekewa kwanza masomo ya maandalizi, na wengi walikwamia hapo hapo. Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1958. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu, ukiwaacha mapadri, hawakufika 30 nchi nzima. Lovanium husifiwa kwa ubora wake, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini ubora ulioanza mwaka 1954 ulikuwa umechelewa kwa kizazi kizima, na lawama hiyo ni ya serikali zaidi kuliko ya chuo.

Kilikuwa chuo chenye mijadala mikali pia. Januari 1960 mwanafunzi wa theolojia, Tharcisse Tshibangu, alisimama kutetea theolojia yenye sura ya Kiafrika mbele ya mkuu wa kitivo chake, Alfred Vanneste, aliyeshikilia kwamba theolojia ya kweli ni moja kwa watu wote. Miaka saba baadaye Tshibangu ndiye aliyempokea Gillon uongozi wa chuo.

Sasa turudi kwenye kinu. Mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga, ulikuwa na mawe yenye urani nyingi kuliko karibu mgodi mwingine wowote duniani. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo na kuyahifadhi New York. Mwaka 1942 yakanunuliwa na jeshi la Marekani, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ikatokana na mzigo wa Kongo. Kwa hiyo Ubelgiji ilikuwa na cha kudai: mkataba wa mwaka 1944 uliipa nafasi ya kushirikishwa ujuzi wa atomu. Desemba 1953 Rais Eisenhower akatangaza mpango wa kugawa teknolojia ya nyuklia kwa matumizi ya amani, na Gillon akaichangamkia nafasi hiyo. Chuo kinachojiita kamili, kwenye nchi iliyotoa urani yenyewe, kingekosaje maabara ya nyuklia?

Kinu walichopata kilikuwa cha aina ya TRIGA, kilichobuniwa San Diego kwa ajili ya kufundishia. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 za joto, sawa na birika 25 za umeme zinazochemsha maji kwa pamoja, na hakikuzalisha umeme hata kidogo. Kilikuwa kisima cha maji kilichochimbwa chini ya sakafu, na ndani yake zilisimamishwa fimbo za urani zenye urefu wa kama sentimeta 72 na unene wa mpini wa jembe. Maji hupoza fimbo na huzuia mionzi, kiasi kwamba mtu anaweza kusimama ukingoni na kuona mwanga wa samawati ukiwaka chini. Kazi yake ilikuwa kutoa nyutroni, yaani chembe ndogo zinazotoka kwenye kiini cha atomu, za kutengenezea isotopu (atomu zinazotoa mionzi) kwa ajili ya tiba na utafiti wa kilimo.

Usalama wake umo ndani ya fimbo zenyewe. Urani imechanganywa na zirkoni na haidrojeni, na fimbo ikipata joto kupita kiasi, haidrojeni hiyo huzipa nyutroni kasi inayozifanya zishindwe kupasua urani. Nguvu hushuka yenyewe ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, hata kama hakuna mtu aliyegusa kitu.

Udhaifu ulikuja kwa mlango mwingine. Juni 1969 jeshi liliwapiga risasi wanafunzi wa Lovanium waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Juni 1971, walipowakumbuka wenzao waliouawa, Rais Mobutu alikifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini. Agosti mwaka huo Lovanium iliunganishwa na chuo kikuu cha Waprotestanti cha Kisangani na kile cha serikali cha Lubumbashi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Kanisa likawa limenyang'anywa chuo chake.

TRICO ya kwanza ilikuwa imezimwa mwaka 1970. Mwaka 1972 ikafuata ya pili, yenye nguvu ya kilowati 1,000, nayo ilisimama mwaka 2004 kwa kukosa vipuri. Udongo wa Mont Amba ni wa mchanga, na mvua za Kinshasa huumegua na kuacha makorongo, jambo ambalo wakaguzi wamelitolea tahadhari mara nyingi. Ulinzi nao ulilegea: katika miaka ya 1970 fimbo mbili za urani ziliibwa. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa watu wa mafia waliokuwa wakiiuza. Ya pili haijaonekana hadi leo.