Saratani ya Tumbo: Je, Protini Zinaweza Kutabiri Kama Itasambaa?

Kiashiria cha protini ni nini hasa?
Ni protini ambayo wingi au uchache wake humpa daktari fununu kuhusu tabia ya saratani. Baadhi hupimwa kwenye damu. Nyingine hutafutwa kwenye kinyama kinachokatwa wakati mgonjwa anapopimwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni. Wagonjwa huulizia zaidi zile za damu, lakini zenye mengi ya kusema ni hizi za kwenye kinyama.

Protini zinahusiana vipi na kusambaa?
Seli haihami hivi hivi. Ili ichomoke kwenye ukuta wa tumbo, ipenye mishipa na kwenda kukaa kwenye tezi za limfu, ini au utando unaofunika viungo vya ndani, lazima kwanza protini zake zibadilike.

Chukua e-kadherini, ambayo hushikanisha seli jirani kama saruji kati ya matofali. Ikipotea, seli huachana na kupenya mojamoja. Hali hiyo huonekana sana katika ile aina ya saratani inayotambaa ndani ya ukuta wa tumbo bila kufanya uvimbe wa wazi, na ambayo mara nyingi hukimbilia kwenye utando. Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand walionyesha kuwa hitilafu katika jeni ya protini hii, CDH1, ndiyo iliyosababisha saratani ya tumbo kuandama ukoo mmoja wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, hata vijana wadogo.

Nyingine hufanya kazi tofauti: kundi la protini liitwalo MMP humeng'enya tishu zinazoizuia seli njia, na protini ya VEGF huchochea mishipa mipya ya damu.

Basi mabadiliko haya yakionekana, saratani imeshasambaa?
La. Yanaonyesha uwezekano tu. Maabara hutofautiana katika kemikali na viwango, na uvimbe mmoja unaweza kuwa na protini upande huu na kuikosa upande wa pili; ndiyo maana daktari hukata vinyama kadhaa. Hatua ya ugonjwa bado huamuliwa kwa CT skani, wakati mwingine kwa kuchungulia ndani ya tumbo kwa kamera kupitia tundu dogo linalokatwa kwenye ngozi, na baada ya upasuaji kwa kuchunguza tezi zilizotolewa, ambazo hupendekezwa zisipungue 16.

HER2 je?
Hii ni protini iliyo juu ya seli, inayoichochea ikue. Huwa nyingi kwa takriban asilimia 10 hadi 20 ya wagonjwa. Majibu huandikwa 0 (haionekani) hadi 3+ (nyingi sana). Ya 2+ huhitaji kipimo cha ziada cha jeni. Kuhusu kutabiri kusambaa, tafiti hazikubaliani, na kwa maoni yangu hilo si swali kubwa. Kubwa ni tiba: mwaka 2010 ilithibitishwa kuwa wenye HER2 nyingi na ugonjwa uliokwenda mbali huishi muda mrefu zaidi wakiongezewa trastuzumabu, dawa inayoilenga HER2, juu ya dawa za kawaida za saratani. Protini nyingine, klaudini 18.2, nayo imefuata njia hiyo, na dawa inayoilenga, zolbetuksimabu, iliidhinishwa Japani mwaka 2024.

Na vipimo vya damu, CEA, CA 19-9 na CA 72-4?
Hivi hupima vitu ambavyo saratani inaweza kuviongeza kwenye damu. Vikiwa juu sana kabla ya upasuaji, daktari hushuku kuwa ugonjwa umeenea, akakagua ini na utando kwa makini zaidi. Vikishuka baada ya upasuaji kisha vikapanda tena, saratani huenda imerudi. Ila vina hila zake. CEA hupanda kwa wavutaji sigara, CA 19-9 hupanda mirija ya nyongo ikiziba, na wapo watu ambao kwa maumbile miili yao haitengenezi CA 19-9 kabisa.

Sina dalili yoyote. Nikapime CEA ili kujiridhisha?
Hapana. Saratani changa ya tumbo mara nyingi haipandishi kipimo hicho, kwa hiyo majibu mazuri hayatakuondolea shaka. Ukipungua uzito bila sababu, ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au ukashindwa kumeza, omba kipimo cha kamera.