Natumia Inhela, Mbona Kifua Bado Kinabana?

Je, dawa imepungua nguvu?
Mara nyingi dawa ya pumu iliyomo kwenye inhela ni nzima, ila haifiki mapafuni. Inhela ya kubonyeza hutoa dawa kwa kasi kubwa. Ukichelewa kuvuta, au ukivuta kwa pupa, nyingi hugonga ulimi na koo, kisha unaimeza.

Niitumieje?
Toa kifuniko, utikise inhela. Kama ni mpya au imekaa siku kadhaa bila kutumika, bonyeza kwanza hewani. Karatasi iliyomo kwenye boksi inaeleza mara ngapi. Keti wima. Toa pumzi taratibu mpaka mwisho, kisha bana midomo kwenye inhela pasiwe na upenyo. Anza kuvuta, na papo hapo bonyeza mara moja. Endelea kuvuta polepole kwa sekunde 3 hadi 5, halafu zuia pumzi kwa sekunde 10, au kadiri unavyoweza. Kama umeandikiwa mipulizo miwili, subiri nusu dakika hadi dakika moja, utikise tena, urudie. Kubonyeza mara mbili kwa pumzi moja hakukupi dozi mbili.

Mkono na pumzi havipatani. Nifanyeje?
Omba spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Hushika dawa ikusubiri uvute. Tunaipendekeza hata kwa watu wazima. Si ya watoto pekee. Bonyeza mpulizo mmoja, kisha vuta polepole mara moja, au pumua kawaida mara 5. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata chaji ya umeme na dawa hunata kwenye kuta zake.

Na inhela ya unga?
Hii huvutwa kwa nguvu na kwa kasi tangu mwanzo, kwa sababu pumzi yako ndiyo inayotawanya unga. Usipumulie ndani yake: unyevu hugandisha dawa.

Kwa nini nisukutue mdomo?
Ni kwa inhela ya kinga yenye steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe. Sukutua, tema, usimeze. Mabaki yake huleta utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti kukwaruza.

Nitajuaje imekwisha?
Usiamini mlio unapoitikisa, kwani gesi hubaki hata dawa ikiisha. Kama haina kihesabio, piga hesabu: mipulizo 200, ukitumia 4 kwa siku, ni siku 50. Andika tarehe ya kuanza juu yake.

Ya kutuliza inanisaidia haraka. Ya kinga ya nini?
Ya kutuliza hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache tu, uvimbe wa ndani ukabaki palepale. Ya kinga ndiyo hupunguza uvimbe huo. Ukiihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki, pumu haijadhibitiwa, mwone daktari. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au dawa isipoleta nafuu, nenda hospitali saa hiyohiyo, ukiendelea kutumia ya kutuliza njiani.