Habari za vijijini: P. Sainath na tofauti ya tukio na mchakato

Ukitaja "habari za vijijini", wengi hufikiria mafuriko, ukame, au mheshimiwa anayezindua kisima. Hayo ni matukio. Palagummi Sainath, mwandishi wa India aliyezaliwa Madras mwaka 1957, anashikilia kwamba umaskini ni mchakato: hujengeka siku hadi siku, kimyakimya, na gazeti linalosubiri kishindo halitauona.

Alianza mwaka 1980 katika shirika la habari la UNI, kisha akawa naibu mhariri wa gazeti la Blitz, Mumbai. Mwaka 1993 alipata ufadhili wa gazeti la Times of India, akaenda kukaa katika wilaya maskini kupindukia za majimbo matano. Alisafiri karibu kilomita 100,000, kati ya hizo 5,000 kwa miguu.

Katika mojawapo ya wilaya hizo, Surguja, alimkuta mkulima wa kabila la Pahadi Korwa. Serikali ilikuwa imejenga barabara ya kilomita 3 kuelekea kwake, kwa zaidi ya rupia milioni 1.7, kwa jina la kuwainua watu wa kabila hilo. Kijijini hapo, wa kabila hilo alikuwa yeye na familia yake tu, na shida yake ilikuwa maji. Anayefuata matukio angepiga picha ya barabara mpya akaondoka. Sainath alikaa, akauliza fedha zimetoka fungu gani na kwa nini zimekuwa barabara badala ya maji.

Kuanzia 2004 hadi 2014 alikuwa mhariri wa habari za vijijini wa gazeti la The Hindu. Alienda nyumba kwa nyumba Vidarbha, eneo la pamba ambako wakulima wengi walijiua, akafuatilia madeni, bei ya mbegu na kushuka kwa bei ya pamba. Anasimulia kwamba wiki ya mitindo ya Mumbai, iliyoonyesha nguo za pamba, ilikuwa na waandishi 512. Waliokuwa wakiripoti vifo vya wakulima hao walikuwa sita. Kwangu mimi, hesabu hiyo inaeleza dhana hii kuliko fasili yoyote.

Alipewa Tuzo ya Magsaysay, tuzo maarufu ya Asia, mwaka 2007. Desemba 2014 alianzisha PARI, hifadhi ya mtandaoni ya maisha ya vijiji vya India. Humo zimo hata nyimbo za wanawake wa Maharashtra walizoimba wakisaga nafaka kwa kijaa, na jina la mwimbaji na kijiji chake vimeandikwa.