Je, wajua kwa nini timu inayoongoza futiboli ya Marekani hupiga goti badala ya kucheza?

Oktoba 7, 2023, timu ya Chuo Kikuu cha Miami ilikuwa nyumbani ikiongoza 20-17 dhidi ya Georgia Tech. Mpira ulikuwa wao, jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi 10, saa ikisoma sekunde 33, na Georgia Tech hawakuwa tena na taimauti hata moja ya kusimamishia saa. Kotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, alitakiwa apokee mpira, apige goti, kisha watu wapeane mikono waende zao. Benchi la kocha Mario Cristobal likaagiza mkimbiaji apewe mpira. Don Chaney Jr. akajitosa katikati ya mabeki, mpira ukamtoka, Georgia Tech wakaudaka zikiwa zimebaki sekunde 26. Pasi moja ya yadi 30, nyingine ya yadi 44 ikamfikia Christian Leary, tachidauni ya alama 6, saa ikiwa imebaki na sekunde 1. Matokeo yakawa 23-20, na Miami, ambao hawakuwa wamefungwa msimu ule, wakafungwa.

Goti linamaliza vipi mchezo? Uwanjani kuna saa mbili. Saa kubwa inahesabu dakika za robo. Saa ndogo inaipa timu yenye mpira sekunde 40 za kujipanga tangu tukio lililopita lilipoisha. Pasi isiyodakwa husimamisha saa kubwa, mchezaji akitoka nje ya mstari vivyo hivyo, lakini kotabeki akipiga goti ndani ya uwanja tukio linakufa na saa kubwa inaendelea kukimbia. Katika sheria za vyuo hahitaji hata kuguswa na mpinzani. Akionyesha tu kwamba anapiga goti, mwamuzi anapuliza filimbi. Turudi kwenye zile sekunde 33: goti lingekula kama 2, zikabaki 31. Sekunde 31 ni chache kuliko 40. Miami wangesimama tu wakitazama saa ikifika sufuri, bila hata kulianza jaribio la nne.

Hesabu hiyo inafanyika kabla ya dakika ya mwisho kufika. Chukua timu iliyopata jaribio la kwanza huku saa ikikimbia. Ina magoti manne. Kila goti ni kama sekunde 2, na kati ya goti na goti zinakatika nyingine 38 au 39, kwa sababu kotabeki mwerevu anaomba mpira saa ndogo ikisoma 1 au 2, si mapema. Mpinzani asiye na taimauti anaweza kumalizwa kutoka karibu dakika 2. Akiwa na moja, nafasi hiyo moja ya kukata sekunde inapotea, na unahitaji saa iwe chini ya dakika 1 na sekunde 25 hivi. Akiwa na mbili, kama sekunde 45. Akiwa nazo tatu, magoti yote manne hayakupi zaidi ya sekunde 8, kwa hiyo hapo lazima ucheze kweli ukimbizane na yadi 10. Tangu 2024 vyuo vimeongeza kituo cha lazima saa ikifika dakika 2, kwa hiyo goti la kabla ya hapo linaweza kukatizwa njiani.

Mpangilio wenyewe ni wa tahadhari tupu. Kotabeki anasimama karibu kabisa nyuma ya senta, yule anayempa mpira wa kuanzia, mguso wa mkono kwa mkono, si wa kurushiwa kutoka mbali. Wawili wanakaa karibu naye, kushoto na kulia, kazi yao kuulalia mpira ukidondoka. Mwingine anawekwa yadi kadhaa nyuma, ili mpinzani akiokota mpira na kutimua mbio awepo wa kumkamata. Hatari inayobaki ni senta na kotabeki kutoelewana kwenye mguso. Ukiwa yadi 1 au 2 kutoka mstari wako mwenyewe wa goli, goti linaweza kuangukia ndani ya eneo lako la mwisho na kumpa mpinzani alama 2. Hapo ndipo makocha huacha kupiga goti, na wana haki.

Mpangilio huo ulizaliwa na aibu. Novemba 19, 1978, katika ligi ya kulipwa, New York Giants walikuwa wakiongoza Philadelphia Eagles 17-12, mchezo ukiwa kama umekwisha. Wakaagiza mpira apewe Larry Csonka. Makabidhiano yakaharibika, Herman Edwards akaudaka ulivyodunda na kukimbia yadi 26. Eagles 19-17. Mkuu wa mashambulizi wa Giants alifukuzwa kesho yake.

Watetezi wa Miami walisema Chaney alikuwa tayari ameanguka kabla mpira haujatoka. Waamuzi walipitia picha na uamuzi ukabaki. Lakini hoja hiyo haigusi swali lenyewe. Hata kama Chaney angeushika mpira hadi mwisho, agizo lilikuwa baya. Yadi alizokuwa akizitafuta hazikuwa na thamani yoyote. Ushindi ulikuwa umeshapatikana. Hatari ya kudondosha mpira ni ndogo, lakini ilinunuliwa kwa faida ya sufuri. Kwenye kandanda yetu ni kama kuongoza 1-0 dakika ya 93, una mpira kwenye kibendera cha kona, halafu unaupiga krosi golini.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, husema wazee. Cristobal aliumwa Septemba 2018 akiwa kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon: wakiongoza Stanford 31-28, C.J. Verdell akadondosha mpira zikiwa zimebaki sekunde 51, Stanford wakasawazisha, wakashinda 38-31 kwenye muda wa ziada. Miaka mitano baadaye, baada ya kipigo cha Georgia Tech, alikiri kwamba walipaswa kupiga goti.