Udumavu: ghala lina chakula, mtoto harefuki

Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka, kwa sababu mwili umekosa lishe bora kwa muda mrefu au umeandamwa na maradhi ya mara kwa mara, hasa kuhara. Kipimo chake ni urefu. Mtoto wa kike aliyetimiza miaka miwili, akilazwa kwenye ubao wa kupimia akawa chini ya sentimita 80, amedumaa. Wa kiume ni chini ya 81.7. Uzito peke yake haukuonyeshi hilo, na nyumbani watasema amefuata ufupi wa babu yake. Kukonda huonekana kwa macho. Udumavu hujificha, maana hata wenzake anaocheza nao ni wafupi vilevile.

Wala si shida ya njaa tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na ulioongoza ni Iringa, mkoa wa mahindi, kwa asilimia 56.9. Ugali hushibisha, lakini mtoto hajengwi na ugali mtupu.

Muda wa kuzuia ni siku 1,000: mimba siku 270, kisha miaka miwili ya mwanzo. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Baada ya hapo huanza chakula cha nyongeza huku akinyonya, na hapa Dodoma hatuna sababu ya kutafuta mbali. Uwele una madini ya chuma mengi kuliko mahindi. Kunde, choroko na njugu mawe zina protini. Mlenda mkavu ukiungwa kwa karanga ni mboga kamili ya mtoto, na unga wa ubuyu una vitamini C inayosaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya majani.

Tunapokosea sana ni kwenye uji. Tumbo la mtoto wa miezi saba ni dogo, ukilijaza maji hakuna nafasi ya chakula. Inamisha kijiko: uji ukichuruzika kama chai, bado mwepesi.

Karanga nazo zichambuliwe moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu hazifai hata kwa kutwanga, kwani sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, inahusishwa na udumavu, na mwaka 2016 iliua watu huku Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mimi siungi mkono unga wa lishe uliosagwa pamoja na karanga ukakaa miezi. Saga uwele peke yake, karanga twanga siku ya kupika.

Halafu kuna mayai. Kuku wanataga uani, trei inakwenda mnadani, inarudi sukari. Baba, kabla trei haijafungwa, toa mayai saba ya wiki ya yule anayejifunza kutembea.